Ile 3¾ iliyotupotosha: uchambuzi wa kisa cha injini ya lori ndani ya Chevrolet ya 1951

Gari lilikuja likivutwa. Chevrolet ya 1951, milango minne, giaboksi ya mkono ya gia tatu, bodi yake nzima, na chini ya boneti injini ileile iliyotoka nayo kiwandani: silinda 6 kwenye mstari mmoja, inchi za ujazo 216. Mwenyewe alikuwa ameliendesha kwenye barabara ndefu kwa kilomita 100 kwa saa, muda mrefu bila kulipumzisha, mpaka injini ikaanza kugonga. Nilipofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, nilikuta babiti (madini laini ya beringi) ya konrodi ya tano, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki, imeyeyuka na kumwagika chini, chenga zinang'aa ndani ya oili kama magamba ya samaki.

"Fundi," akaniambia, "sitaki injini ya kisasa humu ndani. Nataka mtu akifungua boneti akute kitu cha ukoo uleule. Nimesikia ya lori inaingia."

Ni kweli inaingia. Kazi ni kujua ni ipi hasa, maana ukoo huu una ndugu watatu ambao ukisimama hatua mbili kutoka kwao huwatofautishi. Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu nusura tununue injini isiyo sahihi, na waliotupotosha hawakuwa matapeli. Walikuwa watu wakweli waliopima vizuri kitu kisichohusika.

Kwanza nieleze kwa nini 216 iligonga, kwa sababu hapo ndipo unapojua unatafuta nini. Injini hiyo ilitengenezwa kuanzia 1937 hadi 1953. Beringi kuu za kranki zilipata oili kwa msukumo wa pampu, lakini konrodi hazikupata. Kila kofia ya konrodi ilikuwa na kijiko kidogo chini yake, kinachota oili kwenye vihori vya sampu kila kranki inapozunguka, kikisaidiwa na vinyunyizio. Juu ya hapo, beringi ya konrodi haikuwa kipande cha kubadilisha. Ilikuwa babiti iliyomiminwa moja kwa moja kwenye chuma cha konrodi. Kwa mwendo wa zama zake mfumo huu ulidumu miaka mingi. Ila gari hili, kwa kuwa lina gia za mkono, limefungwa difu ya 4.11 (propela huzunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko wa gurudumu), na kwa kilomita 100 kwa saa kranki inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Ukiishikilia hapo saa nzima, babiti inachoka.

Ndugu wa pili ni 235. Iliingia kwenye malori mwaka 1941, na kwenye magari madogo mwaka 1950 pamoja na giaboksi ya otomatiki iitwayo Powerglide. Za mwanzo nazo zilitegemea vijiko. Mwaka 1953 zile za Powerglide zilipewa beringi za kubadilisha na oili ya msukumo hadi kwenye konrodi, na 1954 mfumo huo ukawa wa 235 zote. Ndugu wa tatu ni 261, ya malori, 1954 hadi 1962, ingawa huko Kanada iliwekwa pia kwenye Pontiac. Hii ilizaliwa na oili ya msukumo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1954 ilitangazwa kwa nguvu za farasi 135. 216 ya gari letu ilitangazwa kwa 92.

Kwa hiyo lengo lilikuwa wazi: 261 ikipatikana, la sivyo 235 ya 1954 kuja mbele. Kizazi kilichofuata, kilichoanza 1962 na kuzaa 230, 250 na 292 ya malori, tulikiacha mapema. Ni injini nzuri, ina beringi kuu 7 badala ya 4, lakini uso wake wa nyuma una mpangilio mwingine wa bolti na haukubali kengele ya klachi ya gari hili, yaani lile kasha linalofunika klachi na kuunganisha injini na giaboksi. Na kwenye gari hili kengele ile si ya kubadilisha ovyo: propela yake haiko wazi, imefungiwa ndani ya bomba linaloanzia giaboksi hadi difu, na bomba hilo ndilo linalobeba msukumo wa magurudumu. Ukigusa mahali giaboksi inapokaa, umegusa gari zima hadi ekseli ya nyuma. Ndugu hawa watatu wa zamani wote wanakubali kengele ileile. Hiyo ndiyo sababu ya kung'ang'ania ukoo, mbali na mapenzi ya mwenye gari.

Tulipata fununu ya injini tatu zilizokaa sehemu moja, zote zimetolewa kwenye malori yaliyokufa.

Ya kwanza ilikuwa bloku tu, imelazwa ubavu, hedi haipo, mfuniko wa ubavuni haupo, kabureta haipo. Ilikuwa imefungwa karatasi kwa waya: "261. Imepimwa 3¾." Ya pili ilikuwa nzima, ina vumbi na mafuta yaliyoganda, na yule muuzaji aliitaja kwa kuipungia mkono tu: "Hiyo ni 235, hedi yake inasema." Ya tatu tulijulishwa kuwa ni ya GMC, chapa nyingine ya malori, na hiyo haikuwa na ubishi.

Mwenye gari alikwenda moja kwa moja kwenye ile bloku yenye karatasi. Alikuwa amesoma. Alijua kwamba silinda ya 261 ina kipenyo cha inchi 3¾, na karatasi ilisema 3¾. Alikwishaingiza mkono mfukoni.

Hapa nataka tukae kidogo.

Vipimo vya injini hizi, nikivigeuza kuwa milimita, ni hivi. 216 ina kipenyo cha 88.9 na mwendo wa pistoni wa 95.25. 235 ina kipenyo cha 90.5 na mwendo wa 100. 261 ina kipenyo cha 95.25 na mwendo wa 100. Rudia kusoma hizo sentensi tatu taratibu. Ile 95.25, ambayo ndiyo inchi 3¾, imejitokeza mara mbili: ni kipenyo cha injini kubwa kuliko zote, na ni mwendo wa pistoni wa injini ndogo kuliko zote. Mtu akikwambia "imepimwa inchi tatu na robo tatu" bila kukwambia amepima nini, amekwambia kwamba injini ni ama ile unayoitafuta ama ile unayoikimbia.

Nikamuuliza muuzaji alipimaje. Akanionyesha bila kusita, kwa utepe wa chuma: alizungusha kranki mpaka pistoni ikafika juu kabisa, akaweka alama, akazungusha mpaka ikafika chini kabisa, akasoma. Alikuwa amepima sawasawa. Milimita 95 na kitu. Alikuwa amepima mwendo.

Nikatoa vernia, chombo cha kupimia kipenyo kwa usahihi. Silinda iliyotumika ina ukingo juu, pale ambapo ringi za pistoni hazifiki, na chini ya ukingo huo chuma kimelika. Ukipima kwenye ukingo unapata namba ya zamani; ukipima chini yake unapata kipenyo kilichopo, na pana mahali inalika zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Nilipima chini ya ukingo, mara mbili kwa kila silinda, mara ya pili nikigeuza vernia robo duara. Nilipata 89.7, 89.8, 89.7. Hiyo ni 216 iliyowahi kupanuliwa mara moja kwa kipimo cha kawaida cha sehemu 30 za elfu za inchi. Haiwezi kuwa 235, maana mwendo ungekuwa 100. Haiwezi kuwa 261 kwa namna yoyote.

Mwenye gari hakuridhika haraka, na sikumlaumu. Alikuwa ameitafuta kwa muda. Tukaigeuza bloku chini juu, wanaume wawili na mti. Kwenye kofia za konrodi kulikuwa na vijiko. Vidogo, vya chuma, vimeinama kuelekea mzunguko wa kranki, sawa kabisa na vile vilivyokuwa kwenye sampu ya gari lake. Aliviangalia, akakigusa kimoja kwa kidole.

"Ni kama ile yangu."

"Ni ileile yako, mzee. Ungenunua ulicho nacho."

Kama bloku ile ingekuwa na vifuniko vyake, tungeijua tukiwa bado mlangoni. Kwenye 216 na 235 za vijiko, mfuniko wa ubavuni unaoficha fimbo za valvu ni mrefu. Unapanda hadi kwenye hedi na plagi zinatokeza kupitia humo. Kwenye injini za 1954 kuja mbele mfuniko ni mfupi, unaishia kwenye bloku, na hedi inabaki wazi juu yake. Hii ndiyo dalili ya haraka kuliko zote na huhitaji chombo chochote. Lakini inakutenganishia tu za zamani na za baadaye. Haikwambii kama uliyonayo ni 235 au 261, kwa sababu hizo mbili kwa nje ni sura moja. Rangi pia usiitegemee, imepakwa na mafundi wengi kabla yako. Mfuniko wa valvu wa juu nao huhamishwa kutoka injini hadi injini.

Basi tukahamia kwa ile ya pili, ambayo hakuna aliyeitamani.

Mfuniko wake wa ubavuni ulikuwa mfupi. Hapo tayari nikawa na hamu nayo, maana kwa uchache ingekuwa 235 ya oili ya msukumo, na hiyo ingetutosha. Muuzaji alituonyesha namba kwenye hedi: 3836848. Alisema kweli. Hedi hiyo, ambayo wapenzi wa injini hizi huiita kwa tarakimu zake tatu za mwisho, 848, ni ya 235 za 1956 hadi 1962. Tatizo ni kwamba hedi ni kitu kinachovuliwa na kuvikwa. Injini ya lori iliyofanya kazi miaka 60 imefunguliwa hedi zaidi ya mara moja, na kila mara kulikuwa na nafasi ya kurudishiwa hedi isiyo yake. Hata ile namba iliyogongwa karibu na distributa, yenye herufi ya kiwanda, F kwa Flint na T kwa Tonawanda, si ya kutegemewa peke yake, kwani iligongwa kwa nyundo na inaweza kusagwa na kugongwa upya. Kitu kisichovuliwa ni bloku, na kitu kisichofutika kirahisi ni namba ya kalibu, ile iliyotoka na chuma kilipomiminwa. Hiyo imeinuka juu ya uso wa bloku, haikuchimbwa.

Ilikuwa ubavu wa kulia, ule wenye stata na pampu ya petroli, chini ya mafuta yaliyoganda unene wa kidole. Niliikwangua kwa kijiti cha mbao, nikaisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, nikaifuta ikauka. Nilisoma 3789... nikaacha. Tarakimu za kalibu zina kingo butu, na 6 na 8 zinafanana kama uchafu umebaki ndani ya tundu. Nikachukua chaki nikaipitisha kwa ubapa juu ya namba, kwa wepesi, ili ishike sehemu zilizoinuka tu. Ikatokea nyeupe juu ya cheusi: 3769925.

Hiyo ni bloku ya 261, ya miaka ya 1958 hadi 1962.

Karibu yake kulikuwa na tarehe ya kalibu, ambayo kwa injini hizi huandikwa herufi ya mwezi, siku, na tarakimu moja ya mwisho ya mwaka. A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea hivyo hadi L. Yetu ilianza na F na kuishia na 9: Juni, mwaka unaoishia na 9. Tarakimu moja haikwambii muongo, lakini namba ya bloku inakwambia. Katika 1958 hadi 1962 kuna 9 moja tu. Kwa hiyo bloku ilimiminwa Juni 1959.

Kuna mafundi ambao wangeishia hapo. Mimi sikutaka, kwa sababu mbili. Namba ya kalibu inakwambia bloku ilikuwa nini ilipozaliwa, haikwambii ndani kumefanywa nini tangu hapo. Na ile hedi ya 848 juu ya bloku ya 261 ilinitia wasiwasi wa aina yake. Tulikubaliana na muuzaji tufungue hedi papo hapo, gharama ya gasketi mpya ikiwa juu yetu kama tungeamua kutonunua.

Hedi ilitoka kwa shida. Vernia ikasema 96.0 kwenye silinda zote sita, tofauti ndogo tu kati yao. Juu ya kila pistoni, chini ya masizi, kulikuwa kumegongwa 030. Inchi 3¾ ukiongeza sehemu hizo 30 za elfu unapata 3.78, na hiyo ni milimita 96.0. Kila kitu kilikubaliana: namba ya kalibu, kipenyo, na pistoni zenyewe. Na ili kuziba mwanya wa mwisho: je, inawezekana hii ni 235 iliyopanuliwa? Hapana. Ingebidi ipanuliwe kwa milimita 5 na nusu, na ukuta wa silinda ya 235 hauna chuma cha kukata kiasi hicho. Ungetokea kwenye maji.

Lakini tulipogeuza hedi na kuilaza juu ya gunia, niliona kile nilichokihofia.

Ili kupata silinda pana kiasi kile kwenye bloku yenye urefu uleule, waliounda 261 waliunganisha kuta za silinda, mbili mbili. Kati ya silinda mbili zilizoungana maji hayapiti. Mvuke unaojikusanya sehemu hiyo lazima upate njia ya kutoka kwenda juu, kwa hiyo bloku ya 261 ina matundu madogo ya mvuke kwenye uso wake wa juu, gasketi yake ina matundu hayo, na hedi yake inayo. Hedi ya 235 haina. Fundi aliyeweka 848 pale hakukosea kuipenda. Ina chumba cha kuchomea kidogo zaidi na inainua mgandamizo, na watu wengi huiweka juu ya 261 kwa makusudi. Ila ni lazima itobolewe. Hii haikutobolewa. Kwenye uso wake wa chini, mkabala na kila tundu la bloku, palikuwa na kiduara kidogo cha kutu, kimejichora wazi kama muhuri. Mvuke ulikuwa umepanda, umefika kwenye chuma kisicho na mlango, ukagonga hapo kwa miaka.

Tulipima vyote viwili kwa unga wa sumaku, ambao huonyesha nyufa. Bloku ilitoka salama. Hedi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye kiti cha valvu ya moshi, silinda ya tatu.

Sitasema kwamba ni kukosekana kwa matundu peke yake kulikoipasua. Hedi ya umri huo ina historia ndefu. Nasema tu kwamba ukikuta 848 juu ya 261, usiifunge tena bila kuigeuza na kuitazama. Tulinunua injini ile tukijua hedi ni ya kutupa, na tukatafuta 848 nyingine isiyo na ufa. Ile iliyopasuka ilinifaa kwa jambo moja kubwa: nilifanyia mazoezi. Niliweka gasketi ya 261 juu yake, nikatia alama kwa ncha ya msumari kupitia kila tundu, nikatoboa kwa mashine ya kusimama, wima kabisa, mpaka kekee ikaangukia kwenye njia ya maji. Kisha nikaikata hedi ile vipande nione nimepita wapi hasa na ukuta uliobaki ni mnene kiasi gani. Ndipo nikaitoboa ile nzima.

Kuhusu GMC nitasema machache. Ilikuwa 270, ukoo uliotembeza lori la kijeshi la CCKW katika Vita Kuu ya Pili, na malori hayo yalitengenezwa zaidi ya 500,000. Kipenyo inchi 3 na 25/32, mwendo inchi 4, oili ya msukumo, chuma kingi na kizuri. Mwenye gari aliipenda kwa macho, na kuna magari ya zamani yaliyobebeshwa injini hii yakaenda vizuri sana. Lakini ni ndefu na kubwa kuliko za Chevrolet, na kwa gari hili ingetulazimu kuhamisha rejeta na kugusa bodi. Yeye mwenyewe alikuwa amesema anataka gari ambalo siku moja linaweza kurudishiwa injini ya asili bila kuonekana kovu. Nilimkumbusha maneno yake, akakubali, akaigonga gonga kwa kiganja na kuiacha.

Sasa, kuijua injini ni nusu ya utambuzi. Nusu ya pili ni kujua ni vitu gani vya 1959 vitagombana na gari la 1951, na nusu hii watu huifanya wakati injini tayari inaning'inia kwenye mnyororo. Mimi nilichukua kadibodi kubwa nikaiweka mbele ya 216 ingali ndani ya gari. Nikachora kitovu cha puli ya kranki, kitovu cha feni, mashimo ya mguu wa mbele, na umbali wa feni hadi rejeta. Kisha nikaipeleka kadibodi hiyo kwenye 261.

Kranki ilikaa kwenye alama yake. Feni ilipanda juu ya alama yake. Kuanzia 1955 pampu ya maji ya injini hizi ilibadilishwa na kitovu cha feni kikainuka, kwa hiyo kwenye gari la zamani feni haielekei katikati ya rejeta. Dawa yake inajulikana: bamba la kuunganisha linalowezesha pampu ya aina ya zamani kukaa kwenye bloku mpya. Kadibodi ilinionyesha hilo siku tatu kabla ya injini kuinuliwa.

Bamba la mbele, lile lililo nyuma ya kasha la gia za kamshafti na linalobeba mguu wa injini, nalo lilinganishe mapema. Gia ya kamshafti imeshindiliwa kwenye shafti yake, na bamba liko nyuma yake. Ukigundua baada ya kufunga kila kitu kwamba mashimo ya mguu hayalingani, kamshafti itatoka tena, na tapeti nazo, na gasketi ulizofunga jana. Tulikuwa na injini wazi kwenye stendi, kwa hiyo kazi hiyo ilichukua mchana mmoja. Puli ya lori ilitengenezwa kwa mkanda mpana. Tukalinganisha na ya jenereta ya gari kabla ya kununua mkanda wowote.

Umeme ndio uliotaka kutuchanganya zaidi. Gari la 1951 ni la volti 6. Chevrolet walihamia volti 12 mwaka 1955. Flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya kranki, ya volti 6 ina meno 139, ile ya volti 12 ina meno 168, na kila moja ina stata yake. Mwenye gari alitaka kubaki na volti 6, taa zake zote na redio yake zikiwa salama. Kwa hiyo flaiwili na stata vilihama pamoja kutoka injini ya zamani, na kengele yake. Niliyahesabu meno kwa chaki, jino la kwanza nikilitia alama, kwa sababu flaiwili hupotea na kurudi kama hedi zinavyofanya. Yalikuwa 139. Kabla ya kukaza chochote, iketi kwenye kranki kwa mkono: bolti na pini za kuongozea zote ziingie bila kulazimishwa. Isipoingia, mpelekee fundi wa mashine, usiivute kwa bolti.

Injini iliwaka asubuhi, baada ya kuzungushwa bila plagi mpaka oili ikafika kwenye roka zote. Tuliiacha ipate joto. Mwenye gari alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mlango wazi, mguu mmoja chini, na ghafla akapaza sauti:

"Fundi, zima! Sindano imekwama juu!"

Nilizima, kisha nikacheka kwa furaha, nikamwita aje nimweleze. Geji ya oili ya 216 inaishia kwenye 30, kwa sababu mfumo wa vijiko hauhitaji msukumo mkubwa. Miaka yote aliyoendesha gari lile alizoea kuona sindano ikipumzika karibu na katikati. Sasa kulikuwa na pampu inayosukuma oili hadi ndani ya kila konrodi, na sindano ilikuwa imelala kwenye kizuizi chake cha mwisho kwa sababu haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Tuliunganisha geji ya majaribio pembeni ya bloku tukasoma msukumo halisi, ukawa mzuri, injini ikiwa baridi na ikiwa na joto. Geji inayofika 60, yenye uso unaofanana na ule wa zamani, ilipatikana baadaye.

Lililobaki ni difu. Magari ya Powerglide ya miaka ileile yalitoka na 3.55 badala ya 4.11, na kwa 3.55 ile kilomita 100 kwa saa ingeshusha kranki hadi kama mizunguko 2,700 kwa dakika. Injini ya sasa ina nguvu ya kuibeba. Lakini kubadilisha kunamaanisha kufungua lile bomba la propela, na mwenye gari ameomba kwanza aendeshe msimu mmoja hivi lilivyo. Ile konrodi ya tano ya 216 ameiweka kwenye boksi, na injini yote nimemfungia kwa turubai, imepakwa oili, ikingoja siku atakapotaka kuimiminia babiti upya.